Mbuzi wa Bluu wa Wilaya ya Kitope

Kwanza kabisa naomba ieleweke kwamba mimi sina maoni. Nilikuwa nayo machache ujanani, ila siku nilipoajiriwa kuwa Karani wa Kumbukumbu wa Wilaya ya Kitope niliyakabidhi dirishani pamoja na cheti cha kuzaliwa na picha mbili za pasipoti, na mpaka leo sijaitwa kwenda kuyachukua. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia ni mambo yaliyotokea tu. Nchi yenyewe siitaji jina, maana jina liko kwenye kamati.

Kitope ni wilaya kongwe. Makao yake ni boma la mawe alilolijenga Mdachi, lina kuta nene hata redio humo ndani haishiki. Bwana shauri wa kwanza wa Kidachi watu walimwita Bwana Mstari, kwa sababu kila alichokiona alikipanga mstari: minazi, askari, wagonjwa, hata kuku wa jirani. Alipomaliza kupanga akaona bado kuna upungufu. Wilaya haikuwa na nembo, na kwao, alisema, wilaya isiyo na nembo ni mtu aliyetoka nyumbani bila suruali. Basi akakaa barazani na rangi zake, akachora ngao. Uwanja wa ngao nusu mwekundu, nusu rangi ya fedha. Katikati mbuzi dume wa bluu amesimama kwa miguu ya nyuma, ulimi mwekundu nje. Chini yake mawimbi matatu meupe, na pembeni ufunguo wa dhahabu.

Mdachi akafukuzwa, nembo ikabaki. Nayo ilibaki kwa sababu tunacho Kitabu cha Maana, ambacho mimi ndiye mtunzaji wake. Wakati wa Mdachi kitabu kilisema mbuzi ni Utii: ameambiwa asimame, amesimama. Walipokuja wakoloni wa pili akawa Ufugaji Bora. Baada ya Uhuru ikagundulika kwamba alikuwa kwenye Mapambano muda wote ule, hatukujua tu. Halafu likaja Azimio, mbuzi akawa anawanyooshea wenzake mkono. Siku hizi ni Mwekezaji, anachungulia juu ya ua kutafuta fursa. Mbuzi mwenyewe ni yuleyule, hajabadilishwa hata unywele mmoja, nami nampongeza kwa uvumilivu. Ulimi ni kiu ya maendeleo. Huo haujapata kubadilika chini ya serikali yoyote.

Kuna maelezo mengine, lakini hayo si rasmi. Bi Kidawa, dobi anayefua nguo za watumishi pale nyuma ya boma, husema bibi yake ndiye aliyekuwa akimfulia Bwana Mstari.

"Mbuzi alikuwa wa bibi yangu," aliniambia siku moja huku akikamua shuka. "Kila asubuhi anasimama hivyo, anakula ua wa michongoma wa Mdachi. Mdachi akimfukuza, anaruka. Siku moja akaruka akatumbukia kwenye beseni la bluu ya kufulia. Mdachi akacheka mpaka akakaa chini, akachukua karatasi. Ndiyo nembo yenu hiyo."

Nikamwambia hilo halimo kwenye kitabu.

"Na wewe Karani Simbo," akasema, "lini utakuwamo?"

*

Mwaka jana Serikali iliunda Wizara ya Alama na Maana. Waziri wake, Mheshimiwa Profesa Meja Mstaafu Deograsi Kipepe, alihutubia taifa kwa saa tatu, nami nanukuu sehemu fupi niliyoielewa.

"Ndugu wananchi! Nimezunguka nchi hii kaskazini kusini. Nimekuta wilaya ina simba kwenye ngao, mtaani haina hata paka! Huu ni uongo! Uongo wa mchana kweupe! Kuanzia leo, kilichomo kwenye ngao kiwemo wilayani. Kiwe hai, kiwe na rangi ileile na mkao uleule. Wilaya itakayoshindwa, itafutwa!"

Tulipiga makofi dakika kumi na moja, maana waraka ulitaka kumi.

Habari zikaanza kufika kutoka wilaya nyingine. Iliyokuwa na tai mwenye vichwa viwili iliwavisha majogoo wawili fulana moja, na wakapigana mbele ya mkaguzi. Iliyokuwa na jua linalochomoza ilipita bila kupingwa, ila ikaandikiwa onyo kwa sababu ya mawingu. Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Anakleti Mfumbwa, akasoma hayo yote akaanza kukosa usingizi. Ni mtu mpole, Mkitope wa hapahapa, ambaye simu ikitoka juu huipokea amesimama, na ikikatika huendelea kusimama kwa muda.

Akaitisha kikao. Ufunguo tulikuwa nao, ulikuwa kwenye droo yangu tangu enzi za Mdachi, lakini haukufungua kitu chochote duniani. Fundi seremala akaagizwa atengeneze mlango wa kuufaa ufunguo, tukausimamisha katikati ya uwanja. Ni mlango mzuri wa mninga, hauna nyumba, hauna ukuta, na aliyejaribu kuuzunguka badala ya kubisha hodi alilala mahabusu siku mbili. Kwa mawimbi tulichimba mtaro, kwa kuwa mto wetu ulikauka zamani, tukaujaza maji ya kisima, na vijana kumi na wawili wakaajiriwa kuyatikisa kwa mabati. Kikaitwa Kitengo cha Mawimbi. Wiki ya pili tu kilikuwa na mwenyekiti, makamu na mgogoro wa uongozi.

Kazi ikabaki kwa mbuzi. Rangi si tatizo, mtu hupakwa. Tatizo lilikuwa kusimama. Tuliwajaribu mbuzi arobaini na mmoja. Wengi walisimama kidogo wakakaa. Mmoja alisimama vizuri sana na kwa muda mrefu, lakini juu ya mgongo wa mwenzake, na kwa nia ambayo haimo kwenye Kitabu cha Maana.

Ndipo Mkuu alipochungulia dirishani akapiga ukelele. Pale nje mbuzi mweupe alikuwa amesimama wima kwa miguu ya nyuma anakula ua wa boma, na alizidi kunyooka kadiri majani yalivyozidi kuwa matamu. Alikuwa Kibibi, mbuzi wa Bi Kidawa.

*

Bi Kidawa alifika ofisini kabla askari hawajamaliza kufunga kamba. Mgongoni alimbeba mjukuu wake Tunu, mtoto wa miezi saba. Inabidi nieleze hapa, maana bila hili mambo mengine hayaeleweki. Mama yake Tunu, binti pekee wa Bi Kidawa, alifariki siku ya tatu baada ya kujifungua. Mtoto alijaribiwa maziwa ya ng'ombe, akatapika mpaka macho yakaingia ndani. Akajaribiwa ya kopo, akatoka vipele mwili mzima. Maziwa ya Kibibi aliyanywa, akalala, akaamka akacheka. Tangu siku ile hakuonja kingine.

"Mkuu," alisema Bi Kidawa, "huyo mbuzi ndiye titi la mtoto huyu. Ukimchukua umemuua."

"Bi Kidawa, mama yangu, tuelewane," akasema Mkuu. "Huyu si mbuzi tena. Huyu sasa ni Alama Namba Moja."

"Alama inatoa maziwa?"

Mkuu akanigeukia. Nikafungua kitabu, nikasoma: dume la mbuzi. Neno lile jingine la mbuzi dume halitumiki kwenye nyaraka zetu tangu Uhuru.

"Kwa mujibu wa kitabu," akasema Mkuu, "hatoi."

Bi Kidawa hakubishana. Aliinama palepale juu ya zulia, akachukua kikombe cha chai cha Mkuu, akakamua. Kikombe kikajaa povu mpaka ukingoni. Akakirudisha mezani, juu ya kisahani chake.

Mkuu alikisogeza kikombe kile mbali na mafaili. Masikini, jasho lilimtoka mpaka nikamwonea huruma.

"Hii," akasema mwisho, "ni kasoro ya kitaalamu. Itafunikwa."

Basi fundi cherehani akashona kaptula ya kaki, yenye mkanda na mifuko miwili, na Kibibi akavishwa. Ilimkaa vizuri, sisemi uongo. Nami nikatoa taarifa, si maoni, kwamba kasoro isipopunguzwa asubuhi na jioni itavimba, na ikivimba kaptula itachanika mbele ya Waziri. Mkuu akaruka kwa hofu, akaamuru apatikane mtaalamu. Nikamwandikia Bi Kidawa cheti chenye mhuri: Mdhibiti wa Kasoro, asubuhi na jioni, mlango wa nyuma. Alikuwa anakuja na kikombe chake, anakamua, Tunu ananywa palepale nyuma ya boma, wanaondoka. Yeye ndiye aliyempaka Kibibi bluu ya kufulia, kwa sababu alikataa katakata mkono mwingine umguse. Nilimshikia beseni. Vidole vyangu vilikuwa bluu mwezi mzima.

*

Waziri alikuja na magari kumi na tisa. Alibisha hodi kwenye mlango wetu, Kitengo cha Mawimbi kikaitikia karibu, akafungua kwa ufunguo wa dhahabu, akaingia uwanjani kutoka uwanjani. Mawimbi yakapigwa, moja, mbili, tatu. Halafu tawi la mchongoma likainuliwa juu ya mlingoti, na Kibibi akasimama.

Mama wee! Alisimama dakika nne nzima, bluu tupu, ulimi nje, miguu ya mbele hewani. Bendi ikasahau kupiga. Profesa Kipepe alivua miwani akaifuta, akavaa, akavua tena. Kisha akainama.

"Mbona amevaa kaptula?"

Nikamsikia Mkuu pembeni yangu akianza sala ya wafu. Nami nikatoa taarifa: "Mheshimiwa, mbele yako wote tumevaa."

Waziri akafikiri. Hakika tulikuwa tumevaa wote.

"Hii ndiyo nidhamu!" akasema. "Andikeni! Nchi nzima!" Na kweli waraka ulitoka, alama zote hai zivae, na nasikia wilaya yenye chui ilipoteza mafundi cherehani wawili.

Tulipata alama tisini na nane kwa mia. Mbili zilikatwa kwa sababu wimbi la pili lilichelewa. Tulikesha tukicheza ngoma, Mkuu alibebwa juu juu, na Bi Kidawa mwenyewe alipiga vigelegele, maana sasa wilaya imepita na aliahidiwa mbuzi wake arudi nyumbani Ijumaa.

Alhamisi ukaja waraka. Nauandika kama ulivyokuwa: "Kwa kuwa Wilaya ya Kitope imetimiza maana yake yote, haina tena sababu ya kuendelea kuwepo. Inafutwa, na eneo lake litaunganishwa na wilaya jirani ya Vumbini, ambayo bado ina mapungufu ya kutosha. Nembo ya Kitope izikwe Jumatatu kwa heshima zote za kiserikali, pamoja na vyote vilivyomo."

Tukasoma tena mahali pale pa vyote vilivyomo. Mlango, ufunguo, maji ya mawimbi kwenye pipa. Na mbuzi. Mkuu akapiga simu, akiwa amesimama. Akajibiwa kwamba mbuzi achinjwe Jumatatu saa nne, azikwe na kaptula yake, na nyama isiliwe hata kipande, maana alama hailiwi.

Nimeona mengi kazini, lakini nyama ya mbuzi mzima kuingia kaburini sijapata kuona. Watu wazima walilia sokoni.

*

Ijumaa Bi Kidawa alikuja dirishani kwangu. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Karani. Leo Ijumaa. Jumatatu wanamchinja. Jumanne nimpe nini mtoto?"

Nilitafuta jibu kwenye droo. Kulikuwa na mhuri, gundi na panya aliyekauka.

"Nimeuliza swali, mwanangu."

"Bi Kidawa, mimi ni karani tu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako, wakubwa hawajui kuandika." Akanyoosha shingo. "Hiyo ni nini?"

Ilikuwa fomu ya redio. Waraka ulisema nembo izikwe, na Mkuu, ambaye hupenda kila kitu kiende kwa utaratibu, alisema hakuna maziko bila kifo, na hakuna kifo bila tangazo. Nilikuwa nimekwishajaza. Jina la marehemu: Wilaya ya Kitope. Sababu ya kifo: mafanikio. Ameacha: tarafa tatu na kituo kimoja cha polisi. Habari ziwafikie: ndugu, jamaa na marafiki.

Bi Kidawa aliisoma kichwa chini miguu juu, kidole kikifuata mistari.

"Hujawaandika watani."

"Hili ni tukio la kiserikali, Bi."

"Ni msiba au si msiba?"

"Ni msiba."

"Marehemu Mkitope au si Mkitope?"

"Ni Kitope mwenyewe."

"Basi msiba gani huo usio na watani? Mnataka kumzika mtu kama mbwa?"

Wasomaji wa mbali pengine hamjui. Sisi Wakitope na Wavumbi ni watani tangu mababu walipopigana miaka saba, wakachoka, wakaanza kutukanana badala yake. Msibani mtani ndiye mkubwa. Ataiga kikohozi cha marehemu, atamwaga mchuzi, ataficha majembe, ataingia kaburini alale, na hatoki mpaka apewe anachokitaka. Anachokishika ni chake. Kumkasirikia ni mkosi, kumgusa ni balaa, na hakuna Mkitope aliyewahi kujaribu.

Nikaitazama fomu. Nafasi ya watani ilikuwepo, nusu mstari, tupu. Na kuacha nafasi tupu kwenye fomu ya Serikali ni kosa la kinidhamu, hilo mtu yeyote anajua. Nikajaza: "na watani wetu wote Wavumbi, popote walipo." Mkuu akasaini bila kusoma, kwa sababu ilikuwa na mhuri.

*

Jumatatu saa tatu kaburi lilikuwa tayari mbele ya boma, refu, pana, limepigwa lipu. Waziri alikuwa jukwaani. Kibibi alifungwa kwenye kigingi karibu na mchinjaji, amepakwa upya, anatafuna riboni. Bi Kidawa alisimama mstari wa mbele na Tunu mgongoni. Cheti chake kilikuwa kimefutwa pamoja na wilaya, kwa hiyo asubuhi ile hakuruhusiwa kukamua, na mtoto alikuwa hajanywa kitu. Alikuwa analia kile kilio kidogo cha kuchoka.

Wavumbi wakaingia. Walikuwa kama thelathini, na mbele yao Bi Chausiku Mahepe, muuza ndizi wa Vumbini, mwanamke wa mwili wake na sauti yake. Amevaa gunia kama joho, kifuani vizibo vya soda kama nishani, kichwani sufuria.

"Uwiii! Kitope wee! Umekufa na kupika hujajifunza!" Akajitupa chini. "Jana tu tumekuona mzima, unajipaka bluu! Nani sasa tutamcheka?"

Wakitope wote, kilio na kicheko vikawabana pamoja. Waziri akakunja uso, akaanza hotuba.

"Ndugu wanan..."

"Wananchi!" akamalizia Bi Chausiku. "Nimezunguka nchi hii..."

"Nimezunguka nchi hii..." akasema Waziri.

"Kaskazini kusini! Na sijaona kitu!"

Ikaendelea hivyo. Lo! Kila neno analifikia kabla yake, maana hotuba ni ileile tangu mwaka jana na redio kila nyumba ipo. Mwisho Waziri akawa anamfuata yeye, bila kujijua, akajikuta amesema mbele ya taifa zima kwamba ndizi za Vumbini ni tamu kuliko zote. Akapiga meza.

"Shusheni nembo! Leteni mbuzi!"

Hapo Bi Chausiku akatandika mkeka kaburini, akatupa mto, akashuka, akalala.

"Jamani, humu kuna ubaridi! Kumbe ndiyo maana mnazikana!"

"Mtoeni!" akapaza Waziri.

Mkuu wa polisi akapiga saluti. "Mheshimiwa, naomba radhi. Mimi Mkitope. Nikimgusa humo ndani, mkosi ni wangu mpaka vitukuu."

"Wewe hapo basi!"

"Mimi Mvumbi, Mheshimiwa," akajibu askari wa pili. "Nasubiri zamu yangu ya kuingia."

Jua likapanda. Kwa itifaki Waziri haondoki mpaka kaburi lifukiwe, na saa nane alikuwa na wilaya nyingine ya kuzika. Ikabidi Mkuu Mfumbwa ashuke kwenye ukingo, akachuchumaa.

"Mtani, unataka nini?"

"Kwani una nini, maskini ya Mungu?"

Akapewa kreti ya soda. Akanywa mbili, akawagawia wenzake, hakutoka. Akapewa ufunguo wa dhahabu. Akajikuna nao sikio, akaurudisha. Akapewa mlango. "Nyumba yake iko wapi?" Akapewa mawimbi. Akaomba aone kwanza pipa, akanawa miguu.

"Mnanichosha," akasema. "Nipeni yule bibi aliyevaa kaptula."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Waziri akasimama. "Yule ni dume! Imeandikwa!"

"Dume?" Sufuria ikachomoza kaburini. "Mheshimiwa, kwani wewe ulinyonya wapi?"

Na hapo, nadhani kwa sababu alimsikia Tunu analia, Kibibi akaacha riboni, akageuka upande wa sauti ile, akalia naye. Maziwa yalikuwa yamejaa tangu alfajiri. Yakaanza kudondoka, yakapita kwenye kaptula, yakachirizika mguuni meupe juu ya bluu. Kila mtu akayaona. Bi Kidawa akashika mdomo.

"Ni nini hicho?" akauliza Waziri taratibu.

"Jasho, Mheshimiwa," akasema Mkuu.

Profesa Meja Mstaafu Kipepe akamtazama mbuzi, akamtazama mtoto, akatazama saa. Sijui kilichompita kichwani, wala si kazi yangu kujua. Wapo wanaosema alikumbuka mama yake. Mimi nilikuwa karibu, na nilimwona akihesabu kwa vidole muda wa barabarani.

"Mpeni," akasema. "Mpeni aende zake! Na hilo jasho lisionekane kwenye picha!"

*

Wakazika karatasi, ufunguo, mlango na pipa. Bi Chausiku akatoka kaburini, akakung'uta gunia, akashika kamba ya Kibibi akaenda naye. Hivyo ndivyo mila ilivyo, alichokishika mtani hakirudi. Bi Kidawa alijua kuliko sisi sote. Hata hivyo alimfuata nyuma, kikombe mkononi, nami nikamfuata yeye, ingawa sikuwa nimeomba ruhusa ya kutoka kazini.

Kwenye kibao cha mpaka wa Vumbini, ambacho kilikuwa hakina tena mpaka, Bi Chausiku akasimama.

"We mtani! Unanifuata nini kama deni?"

Bi Kidawa alinyoosha kikombe tu.

Bi Chausiku akamtazama, akamtazama mtoto. Akavua sufuria. "Njoo hapa. Nyie Wakitope mikono yenu mizembe, ila mimi na ndizi zangu sina nafasi ya kuchunga. Huyu mbuzi ni wangu, umesikia? Wangu! Nimemlalia kaburini. Wewe utanifugia. Maziwa kunyweni wenyewe, uchafu wenu huo siutaki. Na akizaa dume, mwiteni Waziri."

Alimvua Kibibi kaptula, akaitia kwenye kapu lake kuwa kumbukumbu. Bi Kidawa akapiga magoti vumbini, akakamua huku analia na kucheka kwa pamoja, na Tunu akanywa kwa pupa mpaka pua ikaingia kikombeni. Bluu kidogo ilikuwa imedondokea kwenye maziwa. Midomo yake yote ikawa bluu, akatukenulia. Alikuwa na jino moja. Naliandika hapa kwa sababu ni jambo la kumbukumbu, na hiyo ndiyo kazi yangu.

Siku hizi mimi ni Karani wa Kumbukumbu wa Wilaya ya Vumbini na Kitope, boma ni lilelile. Wiki iliyopita imekuja fomu ya Wizara, kuhusu ngao ya wilaya mpya. Swali la kwanza: "Je, wilayani yupo mnyama yeyote anayeweza kusimama kwa miguu ya nyuma?"

Nilitazama dirishani. Kibibi alikuwa pale nje, mweupe, bluu imebaki masikioni tu, amesimama wima anakula ua wa Serikali. Chini yake Tunu alikuwa ameshika michongoma kwa mikono miwili, naye anajaribu kusimama.

Nikaandika: Hakuna.

Ni uongo wangu wa kwanza kwenye fomu tangu niajiriwe, na mwandiko wangu haujapata kupendeza hivyo. Swali la pili likasema, kama hakuna, pendekeza kiumbe mbadala na utaje maana yake. Nikafikiri kidogo. Nikaandika: Karani. Maana yake ni Utii: ameambiwa asimame, amesimama.

Nikagonga mhuri. Kisha nikasimama, nikafunga pazia.